Kosa la Mwenzetu Hatulijui Lilikotoka

Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Brazili ilihitaji sare tu ili iwe bingwa wa dunia. Ilitangulia kupata goli, Uruguay ikasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika kumi na moja hivi winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, akaingia tena na mpira kwa upande wa kulia. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepita njia hiyo hiyo, akapiga krosi, na mwenzake Schiaffino akafunga. Golikipa wa Brazili, Moacir Barbosa, alitazamia krosi nyingine. Akasogea kidogo kuuwahi mpira ambao uzoefu wake wote ulimwambia utapita mbele ya goli. Ghiggia akapiga moja kwa moja, kwenye nafasi finyu kati ya kipa na nguzo ya karibu. Mchezo ukaisha 2-1. Barbosa alikuwa akihesabiwa miongoni mwa makipa bora wa bara lake, na mwaka 1948 alikuwa ametwaa ubingwa wa klabu za Amerika Kusini akiwa na Vasco da Gama. Baada ya siku ile akawa mtu aliyeiliza nchi. Alifariki mwaka 2000. Uzeeni alikuwa akilalamika kwamba sheria ya Brazili haimfungi mtu zaidi ya miaka thelathini, ilhali yeye ametumikia karibu hamsini kwa jambo ambalo hata halikuwa jinai.

Waliomlaumu Barbosa hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa baba na mama wa kawaida, watu ambao siku hiyo hiyo wangeweza kumsamehe jirani deni. Ndiyo maana kisa hiki kinanishughulisha kuliko visa vya watu wakatili. Mtu mwema, mwenye kuvumilia njaa, jua na foleni, anakosa kabisa subira mbele ya kosa la mwenzake: mwanafunzi aliyetoa jibu lisilo lake, konda aliyerudisha chenji pungufu, muuguzi mgeni asiyeupata mshipa kwa mara ya kwanza, mke au mume aliyesahau alichoagizwa. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na kwa kawaida mazungumzo huishia hapo: binadamu ni mnafiki, hajioni. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Makosa yetu tunayaona sana. Mengine hutukosesha usingizi. Tofauti ni kwamba kosa langu nalijua tangu lilipoanza, na lako nimelikuta limekwisha kutendeka. Langu lina asubuhi yake, lina uchovu wake, lina ile sababu iliyoonekana ya maana wakati ule. Lako limenifikia likiwa matokeo matupu. Na mtu akipewa matokeo asipewe safari yake, pengo lililobaki hulijaza kwa tabia: huyu mzembe, hana akili, hajali. Hasira yetu hutokana na hukumu hiyo tuliyojijazia wenyewe, mara nyingi kuliko inavyotokana na ukubwa wa kosa.

Mtazame mtu aliyekosea tarakimu moja anapotuma pesa kwa simu. Hapo hapo anamtarajia mgeni asiyemjua huko upande wa pili aelewe kwamba vidole viliteleza, kwamba gari lilikuwa linarukaruka, kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na dawa inasubiriwa. Yote hayo huenda ni kweli. Mtu yuyo huyo, wakala wa pale mtaani akimkosea tarakimu moja, haulizi kama kibanda kilikuwa kimejaa watu au kama wakala amesimama tangu alfajiri. Anachokiona ni namba iliyokosewa na fedha zilizokwenda. Hapa sioni unafiki. Naona mtu mmoja aliyeketi sehemu mbili tofauti, na kila sehemu inaonyesha nusu ya jambo.

Elimu ya saikolojia imeufuatilia mwelekeo huu kwa muda mrefu, na ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi ni ule wa namna tunavyokumbuka. Kabla ya safari za Rais Nixon wa Marekani kwenda China na Umoja wa Kisovieti mwaka 1972, Baruch Fischhoff na mwenzake Ruth Beyth waliwataka wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea katika safari hizo. Baadaye, habari zilipokwisha kujulikana, waliwaomba wakumbuke walikuwa wamekadiria nini. Wengi walikumbuka kwamba tangu mwanzo waliyapa uwezekano mkubwa mambo yaliyokuja kutokea, kuliko walivyokuwa wameandika kwa mkono wao. Hawakuwa wanadanganya. Tukio likishajulikana, linaingia kwenye kumbukumbu na kuipanga upya, hata mtu akaamini kwa dhati kwamba alijua. Hapo ndipo kauli ya "si ilikuwa wazi kabisa?" inapozaliwa. Kwa aliyekosea haikuwa wazi. Ghiggia angepiga krosi nyingine, hatua ile ile ya Barbosa ingesifiwa kuwa ya kipa anayesoma mchezo. Hatua moja, akili moja, na jina lake lilitegemea mguu wa mtu mwingine.

Kuna mfano mwingine ambao ningependa ujulikane zaidi kwetu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilisumbuliwa na ajali za ajabu: rubani anatua salama, ndege inakimbia barabarani, mara anayakunja magurudumu nayo inalala tumbo. Taarifa ziliandika kosa la rubani, na kwa karatasi zilikuwa sahihi, maana aliyevuta swichi ni rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipopewa suala hilo aliingia ndani ya chumba cha rubani akaangalia. Katika ndege za B-17 na aina nyingine kadhaa, swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vinavyopunguza mwendo zilikuwa jirani na zilifanana. Katika ndege ya C-47, ambamo swichi hizo hazikufanana, tatizo hilo halikuonekana. Dawa ikawa kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye mkono wa magurudumu, na kipande chenye umbo la bawa kwenye mkono wa vibawa, ili kiganja kitambue hata gizani. Maumbo hayo yako ndani ya ndege hadi leo. Marubani wangapi walikaripiwa kabla mtu hajaenda kutazama swichi? Karipio halikuwa limemfundisha yeyote kitu, kwa kuwa aliyekaripiwa tayari alijua kwamba hakutaka kukunja magurudumu.

Msomaji makini atasema kwamba nimechagua mifano inayonifaa, na kwamba si kweli kuwa siku zote tunajieleza kwa mazingira na kuwaeleza wenzetu kwa tabia. Pingamizi hilo lina msingi. Mwaka 2006 Bertram Malle alikusanya tafiti 173 zilizochapishwa kuhusu dhana hiyo, na alipozijumlisha aliona tofauti ndogo mno, karibu na sifuri. Lakini alipotenga mambo mabaya na mazuri, picha ilibadilika: penye jambo baya, tofauti ilikuwapo, penye jambo zuri, iligeuka, mtu akajisifu kwa tabia yake na kumweleza mwenzake kwa bahati. Kwa hiyo nakubali kupunguza dai langu. Hatuko hivyo katika kila jambo. Tuko hivyo hasa penye makosa, na makosa ndiyo ninayoyazungumzia.

Ujuzi nao una mchango wake, na huu unawaumiza zaidi watu wanaofundisha. Anayejua jambo vizuri husahau jinsi ilivyo kutolijua. Mswahili aliyezaliwa katika lugha hii husema vitu hivi, watu hawa, miti hii bila kufikiri. Ngeli zimekaa kinywani mwake tangu utotoni. Akimsikia mgeni, au jirani wa bara, akisema "vitu hizi", anacheka au anakunja uso, kana kwamba yule mwingine amepita palipoandikwa asipite. Hakumbuki kwamba yeye mwenyewe alipewa miaka mizima ya kukosea mbele ya mama, bibi na shangazi waliorudia neno kwa upole hadi likakaa. Mwanaisimu Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa kanuni anazojijengea, yaani ndiyo kujifunza kwenyewe kunakoonekana kwa nje. Mwalimu anayeona hivyo atamuuliza mwanafunzi alifikaje kwenye jibu lake. Asiyeona hivyo atamuuliza kama ana masikio. Nimeona walimu hodari sana wa hesabu wanaoshindwa kufundisha kwa sababu hii tu: njia waliyopita imefunikwa na majani nyuma yao, na wanadhani haikuwahi kuwapo.

Haraka huongeza yote haya. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo cha dini cha Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba, wengine wakiwa na mada ya Msamaria mwema yenyewe, na njiani alikuwapo mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wameshachelewa, walisimama asilimia 10. Mada ya hotuba haikuonekana kuleta tofauti ya maana. Hili lilihusu msaada, halikuhusu kosa. Hata hivyo subira na msaada hutoka katika mfuko mmoja wa nafasi, na maisha ya mijini mwetu, kuanzia foleni ya Mbagala hadi ya Barabara ya Thika, yanautoboa mfuko huo kila siku. Kosa la mwenzako linapokuchelewesha unalipima kwa dakika ulizopoteza, na dakika zinaonekana nyingi.

Lakini ningeambiwa nitaje sababu moja iliyo chini ya zote, ningetaja hofu. Tunapomwita aliyekosea mzembe au mpumbavu tunajitenga naye. Tunajihakikishia kwamba lililompata halitatupata, kwa sababu sisi si wazembe wala wapumbavu. Mama akisikia mtoto wa jirani kaungua kwa maji ya moto, neno la kwanza linalomjia ni kuuliza mama yake alikuwa wapi. Si kwamba hana huruma. Anautafuta ukuta kati ya nyumba ile na yake. Kama mama yule ni mama makini aliyegeuka kidogo tu kufunga mlango, basi hakuna nyumba iliyo salama, na wazo hilo ni zito kuliko mtu anavyoweza kulala nalo. Melvin Lerner na Carolyn Simmons walionyesha jambo la namna hii mwaka 1966: watu waliomwona mwanamke akionekana kupigwa shoti za umeme, wasipewe uwezo wa kuyakomesha mateso yake, walianza kumshusha thamani. Shoti zilikuwa za kuigiza, ila dharau iliyojitokeza ilikuwa ya kweli. Ni rahisi kuamini kwamba anayeumia ana kasoro kuliko kuamini kwamba dunia inaweza kumwumiza yeyote. Hii pia inaeleza kwa nini tunakuwa wakali zaidi kwa walio karibu nasi. Kosa la mtoto wangu, la mdogo wangu au la mfanyakazi wa ofisi yangu linaniambia kwamba mimi nami nimo katika hatari hiyo, na pengine watu wataniona kupitia yeye. Namkaripia ili niitulize hofu yangu, na mtoto hubaki akidhani kwamba tulikuwa tukizungumza habari zake.

Gharama ya tabia hii ni kubwa, na hailipwi na aliyekaripiwa peke yake. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea uwanja wa Dulles, karibu na Washington, katika hali mbaya ya hewa. Waongozaji ndege waliipa ruhusa ya kuanza kuusogelea uwanja. Marubani walilichukua neno hilo kuwa ruhusa ya kushuka hadi futi 1,800, kimo cha chini kilichoonyeshwa kwenye ramani yao kwa sehemu ya mwisho ya njia, hali bado wako mbali. Mbele yao palikuwa na Mount Weather, mlima wa Virginia. Watu wote 92 walikufa. Bodi ya uchunguzi yenyewe haikukubaliana: wajumbe watatu walisema kosa la msingi ni la marubani kushuka mapema, wawili wakasema waongozaji hawakutoa maelekezo waliyopaswa kutoa. Lakini jambo lililowashtua watu ni jingine. Wiki sita hivi kabla ya hapo, ndege ya shirika la United ilikuwa imetafsiri ruhusa ya namna hiyo vivyo hivyo, ikaukosakosa mlima huo huo. Marubani wake waliripoti ndani ya kampuni yao, ambayo ilikuwa na utaratibu wa kupokea taarifa bila kuadhibu, na kampuni ikawatahadharisha marubani wake. TWA haikufikiwa na habari hiyo. Kosa lililokwisha kutendwa, kuonekana na kueleweka halikuwa na njia ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Baada ya hapo, mwaka 1976, Marekani ilianzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga ukasimamiwa na NASA, chombo ambacho hakina mamlaka ya kumwadhibu rubani, ili anayekosea aweze kusema. Tangu hapo umepokea taarifa zaidi ya milioni moja. Hospitalini nako Amy Edmondson alikuta jambo lililomshangaza, alilolichapisha mwaka 1996: timu za wauguzi zilizoongozwa vizuri zaidi ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi ya dawa yaliyorekodiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyataja. Fikiria maana yake kwa wodi ambayo daftari lake la makosa ni jeupe na muuguzi mkuu anaogopwa na wote. Anayeogopa kukaripiwa hujifunza ufundi mmoja haraka kuliko mwingine wowote, nao ni ufundi wa kuficha.

Sasa nalijibu pingamizi zito. Je, subira hii haitakuwa kichaka cha wazembe? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nani atawaambia ndugu za marehemu wawe na subira? Simwambii yeyote hivyo. Anayejua mpaka akauvuka kwa makusudi, iwe kwa tamaa au kwa kutojali roho za watu, anastahili kuwajibishwa, na mfumo ule wa NASA wenyewe haumkingi mtu kwa kosa la kukusudia wala kwa jinai. Ninachosema ni kwamba hasira haina uwezo wa kutenganisha haya mawili, kwa kuwa inaangalia matokeo tu. Tena kuna jambo lingine katika vivuko vyetu. Chombo kikizidisha abiria mara moja na kufika salama, hakuna anayekasirika. Abiria hushukuru kwamba hawakuachwa gatini. Kikizidisha tena na kufika, inakuwa kawaida. Siku kinapozama ndipo tunapogundua kwamba kuzidisha ni kosa. Ukali unaokuja baada ya maafa tu haujawahi kumhesabia mtu abiria pale gatini. Ufuatiliaji wa kila siku, bila kelele, ndio unaohesabu, nao unahitaji karani anayeweza kumwambia mkubwa wake kwamba jana alikosea hesabu.

Wapo pia wanaosema: sisi tulilelewa kwa ukali, tukachapwa kwa kila jibu lisilo sahihi, na tazama tumekuwa watu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, wengi wao ni wazee wangu na walimu. Lakini ushahidi huu unatolewa na waliobaki darasani. Aliyeacha shule darasa la nne kwa kuogopa somo la hesabu haitwi kwenye mahafali kuja kutoa wasia. Na wengi wa waliobaki, ukiwasikiliza vizuri wanaposimulia mwalimu aliyewafanya walipende somo, humtaja yule aliyekaa nao baada ya kengele, akawaonyesha ni mstari gani wa hesabu uliokwenda upande. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na mjadala haujaisha huko wala Tanzania, ambako viboko bado vinaruhusiwa kwa masharti. Kwa upande wangu sihitaji kungoja mjadala uishe ili niamini kwamba mtoto anayechapwa kwa kukosea atajifunza kwanza kutonyoosha mkono.

Ombi langu nalielekeza kwa walio na watu chini yao: mwalimu mkuu, muuguzi mkuu, nahodha, msimamizi wa zamu, mzazi. Mtu wako anapokosea, kabla hujauliza ni nani aliyefanya, muulize alikuwa anaona nini wakati ule, alikuwa ameambiwa nini, na nani mwingine amewahi kukaribia kukosea hapo hapo. Uliza ukiwa tayari kusikia jibu linalokugusa wewe: dawa mbili zenye vichupa vinavyofanana zimewekwa rafu moja, maelekezo uliyatoa ukiwa mlangoni, zamu ina watu wawili pale panapohitaji watano. Kisha rekebisha hicho ulichoambiwa, na wengine waone umekirekebisha. Mkosaji akionekana alijua na akafanya makusudi, adhabu itamngoja. Haitaharibika kwa kucheleweshwa nusu saa.